Meli Haina Matanga

Melini Malkia Aurelia
11 Februari 2024

Mama mpendwa, na wewe Kaka Severino unayemsomea,

Nawasalimu wote wa nyumbani Lurujo. Kwanza nisameheni kwa kimya. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ya kusafishia vyoo wiki ya kwanza tu, ikafa papo hapo. Sisi wafanyakazi tuna kompyuta ya pamoja tunayoandikia kwa zamu, na kupiga simu kutoka baharini kunakula mshahara. Kwa hiyo njia yetu ni hii: namwandikia Dada Santina kwenye duka lake la fotokopi pale Arua, yeye anachapa, karatasi inapanda teksi mpaka Koboko, na pikipiki ya boda inaileta kwenu. Mkijibu, pelekeni kwake aniandikie. Najua Mama hana imani na simu. Anataka karatasi ya kushika na kuilaza chini ya mto.

Mama, siku ya kuagana uliniuliza, "Hiyo meli iko na mulango?" Ina milango mpaka nimepotea mara nyingi. Chukua soko la Arua, hospitali, kanisa na uwanja wa mpira, vipange ghorofa juu ya ghorofa, halafu vielee. Juu kabisa kuna mabwawa ya kuogelea. Watu wamezungukwa na bahari yote hiyo, lakini wanataka maji yao mengine ya pembeni. Kuna kiwanja cha barafu cha kuteleza. Kuna ukumbi wa kuigiza, kuna chumba cha kukandwa mgongo kwa mawe ya moto, kuna bomba refu la rangi ambamo wazee wenye wajukuu wanajirusha wakipiga mayowe. Chakula hakina saa, ukiamka unakula, ukichoka kula unapumzika kidogo na kurudi.

Mimi nasafisha vyumba. Kazi yangu ya fahari ni kukunja taulo ziwe wanyama. Mgeni akirudi anakuta tembo kitandani, kavaa miwani ya huyo mgeni. Wanapiga picha na tembo. Mimi nalala chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, na msichana wa Ufilipino anayekoroma kama mashine ya kusaga muhogo. Msicheke. Ni msichana mwema sana.

Santina, hii ni yako: msimamizi amesema nikimaliza mkataba bila doa, naweza kuleta ndugu mmoja. Nimeshaandikisha jina lako. Vumilia hiyo mashine yako kidogo.

Mtoto wenu wa mwisho,
Rosa Kiden

---

Lurujo, Koboko
25 Februari 2024

Rosa mdogo wangu, mtu wa majini,

Karatasi yako imefika ikiwa na alama ya vidole vya boda, lakini imesomeka. Nimemsomea Mama mara mbili. Mara ya kwanza alisikiliza, mara ya pili alikuwa anabishana na wewe. Aliuliza, "Rosa iko napika wapi?" Nikamwambia hapiki, wanapikiwa. Akasema, "Basi hiyo si nyumba."

Hapa mvua imechelewa. Karanga tumezitoa vizuri. Wale majirani waliosema umekwenda kuolewa na Mwarabu nimewasomea habari za tembo wa taulo, sasa wanasema umekuwa mchawi.

Mama anasema niandike kwamba miguu yake haina neno. Nimeandika alivyosema. Ukitaka maneno yangu mimi, imevimba, na vidonge vya hospitali anavificha kwenye ukuta wa jikoni akidhani sioni. Wewe fanya kazi. Ikizidi, nitakuita siku hiyo hiyo. Tuliahidiana hivyo wakati unaondoka, nami sijasahau.

Jambo la mwisho ametaka niliandike kwa maneno yake: "Kama kuko mutu mukubwa peke yake huko, wewe kaa na yeye. Usiangalie rangi." Nafikiri alikuwa anajifikiria mwenyewe siku ambazo mimi nashinda shambani, lakini hakusema hivyo.

Kaka yako,
Severino

---

Melini Malkia Aurelia
7 Aprili 2024

Mama, na Kaka,

Huyo mzee aliye peke yake yupo. Ni kana kwamba Mama alimwona. Anaitwa Bibi Marlies, ni mjane kutoka nchi ya baridi, na chumba chake kiko kwenye zamu yangu. Wenzake wanashuka bandarini kwenda kuona makanisa ya zamani. Yeye hashuki. Anakaa kitandani na viatu miguuni akisubiri tuondoke, maana meli ikiwa bandarini kasino hufungwa kwa sheria, na tukifika katikati ya bahari hufunguliwa.

Kasino ni ukumbi wa kamari, Mama. Hauna dirisha wala saa ya ukutani. Taa zinawaka rangi zote na mashine zinaimba zenyewe hata kama hakuna mtu. Bibi Marlies ana kadi iliyofungwa uzi, uzi uko shingoni, kadi iko ndani ya mashine, amekaa pale kama mbuzi kwenye kigingi. Hiyo kadi ndiyo inamwambia mwenye kasino anavyocheza. Kaka Severino, hapa ndipo akili yangu ilipogoma. Kadiri anavyopoteza ndivyo wanavyomheshimu! Mwanzo walimpa vinywaji bure. Akapoteza, wakampa na chumba bure. Akapoteza tena, wakamhamishia chumba chenye roshani ya kuangalia maji. Sasa hapangi foleni popote, analetewa kikapu cha matunda asichokula, na kila safari ikikaribia kwisha wanamwalika nyingine bila kulipa. Nyumba yake ya huko kwao alishaiuza. Ana wana watatu na hakuna anayemwandikia. Siku yake ya kuzaliwa kasino ilimletea keki, wahudumu wakamzunguka na kumwimbia, na jina wakakosea.

Nikimaliza kutandika ananiambia niketi kidogo. Hairuhusiwi, lakini naketi. Aliniuliza kwetu watu wanakufaje. Nikacheka, nikamwambia wanakufa kama kwenu, ila maiti haiachwi peke yake hata kidogo, watu wanapokezana mpaka azikwe, hata mtu akitaka kwenda chooni lazima mwingine aingie kwanza. Akasema, "Hapa wana friji." Halafu akanishika mkono, akasema basi mimi ndiye nitakaa naye. Nikamwambia nitakaa. Nilisema kama unavyomwambia mtoto ili alale.

Miguu ya Mama inanitia wasiwasi. Kaka, usinifiche kitu. Nikisikia Mama ameanguka, naacha taulo na tembo wake na kuja. Mkataba ni karatasi tu.

Rosa Kiden

---

Lurujo, Koboko
19 Mei 2024

Rosa mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mama ametutoka Alhamisi asubuhi. Nilikuwa namnywesha uji, akageuza uso upande wa ukuta kama mtu aliyeshiba, nikangoja ageuke tena. Nilipanga kukuita, Rosa. Kuvimba kulipanda haraka mno, Jumatano bado alikuwa ananisema kwa sababu ya jembe nililoacha kwenye mvua.

Tumemzika jana kando ya Baba. Hakukaa peke yake hata dakika. Watu walikuwa wengi, hata wale askari wazee waliokuwa na Baba kambini walikuja, wakaimba kile Kiswahili chao tulicholelewa nacho. Kila mtoto alitupa udongo. Mkono wako haukuwepo na kila mtu aliona.

Sasa nisikilize. Mkeka wake bado umetandikwa kaburini. Unajua desturi yetu: mtoto aliye mbali huleta kilio chake kwa maneno, na mkeka haukunjwi mpaka maneno yasomwe kwa sauti juu ya kaburi. Wazee wamekubali kungoja. Tuma maneno, hata mawili yanatosha. Kama utaweza kuja, njoo. Nakuhitaji hapa, sioni aibu kusema.

Siku ya mazishi Dada Santina alinivuta jikoni, akaniambia, "Rosa tusimuambie kwanza. Iko kwa maji. Atafanya nini? Ataacha kazi bure." Nilimkatalia pale pale, na nakataa tena hapa. Santina, wewe utakayeandika barua hii kwenye kompyuta, andika kila neno. Usipunguze.

Kaka yako,
Severino

---

Arua
23 Mei 2024

Mdogo wangu Rosa,

Safari hii nakuandikia mwenyewe kwa sababu Severino yuko shambani tangu asubuhi mpaka giza. Mvua zimekuja zote kwa pamoja. Barabara ya kutoka nyumbani kwangu Manibe imekuwa matope matupu, nafika dukani nikiwa nimebeba viatu mkononi.

Mama hajambo. Miguu imepungua na anakula vizuri. Nilikuwa Lurujo juzi. Anakusalimia sana, anasema ufanye kazi yako mpaka mwisho, usiwe na moyo wa kurukaruka. Anasema pia usimwulize Severino kila mara habari za ugonjwa, anachoka kuulizwa.

Pasipoti yangu imetoka. Picha ni mbaya, nimekaa kama mtu aliyekamatwa. Msimamizi wako amesema lolote juu ya jina langu? Rosa, nina miaka arobaini na moja. Nimechapa vyeti vya watoto wa watu mpaka najua nani alifeli hesabu, na watoto hao wameondoka wote, mimi bado nafuta vumbi kwenye mashine. Mume alikwenda Juba hakurudi. Shika kazi yako vizuri, tafadhali. Usiharibu kitu.

Dada yako akupendaye,
Santina

---

Arua
2 Juni 2024

Severino,

Rosa amejibu. Sikuweza kukuchapia kwa sababu wino umekwisha na umeme umekatika tangu Ijumaa, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono yale niliyoyasoma.

Amelia sana, maskini. Lakini kazi imembana na hawaruhusiwi kutoka kabla ya mkataba kwisha. Maneno ya kusoma amesema hana nafasi ya kuyaandika sasa. Amesema mkunje mkeka, muendelee bila yeye.

Usimkasirikie, yuko mbali, huko mambo ni tofauti.

Dada yako,
Santina

---

Lurujo, Koboko
9 Juni 2024

Rosa Kiden,

Leo tumekunja mkeka. Nilisimama kaburini na watu wote wakanitazama mdomo, nami sikuwa na kitu cha kusoma. Mjomba Kasimiro akauliza mbele ya watu, "Rosa nasema nini?" Nikamjibu, "Rosa nasema tuendelee." Akatema mate pembeni na kwenda zake.

Una nafasi ya kutuandikia bibi wa kizungu anakula matunda gani. Kwa Mama aliyekubeba mgongoni akilima tumbaku ya watu umekosa maneno mawili. Sikulaumu kwa kutokuja, bahari si barabara. Ila hilo la kusema tuendelee bila wewe limeniumiza mahali ambapo sikujua pana maumivu.

Usiniandikie tena. Siku ukirudi, pita kwangu kama mgeni, utapewa kiti na chai.

Severino

---

Melini Malkia Aurelia
16 Juni 2024

Mama yangu,

Mwambie Severino asome polepole, maana habari hii ni nzito, na nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu. Wamenifukuza kazi.

Bibi Marlies amekufa. Niligonga mlango wake asubuhi, sikusikia kitu, nikaingia na ufunguo wangu. Alikuwa kwenye kiti karibu na roshani, amevaa nguo nzuri, kadi shingoni. Usiku kucha alikuwa kasino, alirudi alfajiri. Nilimfumba macho. Daktari akaja na watu wawili na machela yenye zipu, wakamshusha kwa lifti ya mizigo ili wageni wasimwone. Niliambiwa nibadilishe shuka haraka.

Mama, niliendelea na kazi. Nilikwenda chumba cha pili, nikaanza kukunja tembo, mikono ikakataa. Huku juu bendi inapiga bwawani, watu wanacheza, na yeye yuko chini peke yake kwenye baridi. Hakuna aliyesimamisha hata kijiko. Kule kwetu hata kwenye msiba wa adui watu wanazima redio. Nikakumbuka ulichoniagiza, na ahadi yangu ile ya mzaha. Nikaacha toroli la shuka katikati ya korido, nikashuka.

Chumba chao cha maiti kiko karibu na stoo ya mboga. Kimefungwa kwa ufunguo, na sehemu ile watu wa vyumba hatuingii. Nilikaa chini nje ya mlango, nikaegemea chuma. Sikujua nyimbo za kwao, nikaimba zetu za Jumapili kwa sauti ya chini. Wapishi walipita na makreti ya vitunguu wakanishangaa. Mmoja, kijana wa Goa, alipiga ishara ya msalaba, akaniletea kipande cha kadibodi nikalie. Vyumba vyangu vyote vikabaki bila kusafishwa na wageni wakaanza kupiga simu. Mlinzi akaja kuniondoa, nikamwambia, "Ngoja aje mwingine wa kukaa naye, ndipo nitoke." Akauliza mwingine nani. Walinibeba.

Msimamizi hakunigombeza. Aliniuliza kwa upole huyo mgeni alikuwa nani wangu, nikasema hakuwa mtu wangu. Akasema basi haelewi. Nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akanipa barua ya kuachishwa. Nilirudi kuchukua sabuni zangu kwenye chumba cha Bibi Marlies. Kikapu kipya cha matunda kilikuwa mezani na kadi ya kasino ya kumwalika safari ijayo. Hakuna aliyewaambia wenye kasino, au waliambiwa wakasahau.

Sijutii, ila nina woga. Santina, nisamehe, jina lako nimelichafua pamoja na langu. Nitakupigia magoti nikikuona.

Lakini nina furaha moja ambayo siwezi kuificha. Nakuja kwako, Mama! Wananishusha bandari ijayo na kunirudisha kwa ndege mpaka Entebbe. Kutoka Kampala nitapanda basi la usiku linalokwenda mpaka Koboko, na Arua sitashuka hata kama Santina atanivuta nguo. Nataka nikukute uani. Nataka nikae nawe mchana kutwa, unisimulie nilivyokuwa nikilia tumboni mwako kama unavyodanganya watu. Nimekaa na mama wa wengine, sasa nakaa na wangu.

Wako,
Rosa Kiden

---

Arua
18 Juni 2024

Rosa,

Shuka Arua kwanza. Nakuomba kwa jina la Mungu, usipitilize. Kuna jambo lazima nikuambie kwa mdomo kabla hujafika Lurujo. Usipande boda yoyote, usiongee na mtu yeyote wa nyumbani utakayekutana naye kwenye basi.

Nimeandika barua hii na inarudi. Wanasema jina lako limeshafutwa kwenye kompyuta yao. Naituma tena. Kama hujaiona, nitakuwa stendi ya mabasi kila asubuhi mpaka nikuone.

Usifike kwa Severino kabla yangu.

Santina

---

Lurujo, Koboko
27 Juni 2024

Santina,

Barua hii namkabidhi Draku wa boda akuletee mkononi.

Rosa amefika jana. Wanawake walimwona akishuka kule njiani, wakainuka kumpokea kwa kilio kama inavyotakiwa kwa mtoto aliyekosa mazishi. Walimwendea wakilia, mikono kichwani. Yeye alikuwa anacheka. Alikuwa na begi na mfuko wa sabuni za hotelini. Akasimama, akawaangalia mmoja mmoja, akauliza, "Nani amekufa?"

Wanawake wakashusha mikono. Mimi nilikuwa na hasira ya mwezi mzima, nikamwambia, "Unatuchezea?" Mkono alionyoosha sikuupokea. Mungu anisamehe hilo, na wewe sijui kama atakusamehe. Akanipita, akaingia nyumba ya Mama, akamwita. Akamwita chumbani, akatoka akaenda kumwita jikoni, akazunguka nyuma kwenye kibanda cha kuogea akaita huko. Sote tulikuwa tumesimama uani tunamsikia. Mjomba Kasimiro alikaa chini kwenye mavumbi na suruali yake ya kanisani. Hapo ndipo nilipojua barua zangu zilikwenda wapi.

Nilimshika mkono nikampeleka kaburini. Aliuliza ni lini. Nilipomwambia mwezi wa tano, alihesabu kwa vidole. Akauliza, "Nani alikaa na yeye?" Nikamwambia tulikaa wote, na wewe Santina ulikaa, usiku wote, kichwa cha Mama kilikuwa upande wako. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akasema mkeka uletwe. Nikamwambia ulishakunjwa kwa sababu tuliambiwa amesema tuukunje. Ndipo alipolia, na sitaki kuandika alivyolia.

Anasema alikuona stendi ya Arua alfajiri ile. Ulikuwa umevaa sweta yake ya zamani na unachungulia milango ya mabasi. Alijificha nyuma ya kiti akicheka peke yake, kwa sababu alitaka Mama awe wa kwanza kumwona.

Wazee wanataka uje ujieleze. Nimewaomba wangoje. Sijui watakuitaje kwenye kikao, maana Mama yetu mpaka anaingia kaburini watu wote walimwita kwa jina lako, Mama Santina.

Severino

---

Lurujo, Koboko
14 Julai 2024

Dada Santina,

Sasa nimezijua barua zote. Zile za Severino ulizozikalia amenisimulia mwenyewe, alikuwa anazikumbuka neno kwa neno. Zile zako ninazikumbuka mimi. Uliandika Mama anakula vizuri, miguu imepungua.

Sitakuuliza kwa nini. Najua kwa nini, uliniandikia mwenyewe: arobaini na moja, vumbi, mashine. Nilipokuwa melini ningekusikitikia. Nilikuwa tayari kukupigia magoti kwa kulichafua jina lako, unakumbuka.

Jana wakala wa meli amepiga simu kwenye namba ya Severino, kwa sababu ndiyo niliyoacha siku naandikisha jina lako. Wanakutaka mwezi wa tisa, kazi ya vyumba. Nikamwuliza, si mimi nilifukuzwa? Akacheka. Alisema habari ya doa ni maneno ya wasimamizi ya kutisha watu, wao wanatafuta mikono, na ndugu hata wa mwizi wanamchukua. Kwa hiyo hata ningeondoka mwezi wa tano nikaja kumzika Mama, kazi yako ungeipata. Nimeona ni haki yako kujua hilo.

Nenda. Namba ya wakala Draku anayo. Chukua soksi nzito, chini kule ni baridi. Kikao cha wazee nimekifuta, nimewaambia sina shtaka.

Nimemwomba Severino jambo moja tu na amekubali mbele ya Mjomba Kasimiro. Siku nikifa, hutaandikiwa. Utaendelea kupata salamu zangu.

Mdogo wako,
Rosa Kiden